Mzigo wa Kupimia Usingizi

Nchi ya Kimyani haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wanasema hilo ni kosa la ramani. Tindwa aliifikia kwa miguu akitokea upande wa mlimani. Njia aliyopita hatutaisimulia, maana kila msafiri hudhani njia yake ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na wasikilizaji husinzia. Yatosha kusema kwamba alifika asubuhi, viatu mkononi, na neno la kwanza aliloambiwa katika nchi ile lilikuwa, "Sss!"

Aliyelitoa alikuwa mtu mzima mwenye kofia ndefu ya ukili, amekaa kigodani kando ya pori, kidole mdomoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Tindwa.

"Marahaba. Punguza sauti, limelala."

"Limelala nini?"

"Shamba," alinong'ona yule mzee, akaelekeza kidevu kwenye pori lililokuwa nyuma yake.

Tindwa alichungulia. Shamba hakuliona. Aliona miti mirefu iliyoshikana matawi, na ndege humo ndani wakigombana kwa makelele, wala hakuna aliyewanyamazisha. Hata hivyo alifurahi. Kwao ardhi haikupata kulala hata siku moja. Ililimwa mwaka nenda mwaka rudi. Ikizimia inatiwa dawa, ikizinduka inalimwa tena, mpaka udongo ukawa mweupe kama unga wa muhogo na mahindi yakawa yanabeba magunzi matupu. Tindwa alikuwa ameondoka kwao kwenda kutafuta watu wanaojua kuipumzisha ardhi, na hapa amekuta watu wanaoilinda isikatishwe usingizi. Akasema moyoni, nimefika.

Mzee wa kofia alimweleza sheria ya nchi kwa kunong'ona, na aliisema kama watu wanavyosema dua, bila kukosea neno. Mkulima wa Kimyani hufyeka pori, huacha miti ikauke, huichoma, na mvua ikinyesha hupanda ulezi katika majivu. Mwaka wa pili hupanda karanga, wa tatu muhogo. Kisha anahama, anakwenda kufyeka kwingine. Wazee wa kwanza waliacha maneno haya: *Kilichozaa mara tatu mfululizo, kilazeni. Na miti ikimruhusu mtu mwenye mzigo kichwani kupita chini yake bila kuinama, liamsheni shamba, mlime tena.*

"Sheria nzuri sana," alisema Tindwa, na machozi yalikuwa karibu kumtoka, maana alimkumbuka baba yake.

"Sana," alisema mzee. "Hili hapa limelala tangu mimi kijana."

Tindwa alitazama tena ile miti. Tembo angepita chini yake na watoto wake. Lakini mgeni hafiki na kuanza kusahihisha.

Alipokelewa katika nyumba ya mwanamke mmoja aitwaye Nyanjige, kwa sababu ilikuwa zamu yake kupokea wageni. Nyanjige alikuwa mwembamba, mwenye macho makali na ulimi uliozidi macho. Alimkaribisha kwa ugali wa muhogo uliokuwa mwepesi kama uji unaojaribu bahati yake, na mboga ya majani isiyokuwa na kitu zaidi ya majani.

"Utusamehe, kaka," alisema. "Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hapa mwenyeji ndiyo kwanza anaumwa."

Wakati wa kula Tindwa aliona vyungu vimefungwa kamba pamoja ukutani, na mikeka imekunjwa. Akauliza kama kuna msiba au harusi.

"Kuna pori," alijibu Nyanjige.

Akamsimulia. Mashamba yote mazuri ya Kimyani yalikuwa yamelala. Yaliyokuwa macho ni kipande chembamba kando ya kijito, na watu wote waliminyana hapo. Kipande hicho kilikuwa kimezaa mara tatu, tena mara tatu, tena mara tatu, na kwa sheria kilipaswa kulazwa siku nyingi. Lakini kingelazwa, watu wangekula nini? Basi Baraza la Usingizi lilikipa kibali maalumu cha kukesha, na kila mwaka likakiongezea. Udongo wake sasa ulikuwa umechujuka kabisa.

Tindwa alishtuka. Ule udongo aliouvuka asubuhi, akadhani ni jivu lililomwagwa, kumbe ndilo shamba. Alikuwa ametembea njia yote ile ili aukute udongo wa kwao.

"Na mashamba yaliyolala kwa nini hayaamshwi?"

"Kila shamba lililolala lina mlinzi wa kunyamazisha watu," alisema Nyanjige. "Mlinzi ana kofia. Mwenye kofia anapewa kapu la ulezi katika kila mavuno yetu, linaitwa kapu la usingizi. Shamba likiamka, kofia inavuliwa. Sasa wewe kaka, ungekuwa na kofia, ungesikia shamba linapiga miayo?"

Tindwa alicheka kwa sauti, na mwanamke wa nyumba ya jirani akatokea mlangoni na kumwambia, "Sss!"

Shamba la Nyanjige lilifyekwa mara ya mwisho na mama yake, naye Nyanjige alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwake. Mume wake, Lubango, alikuwa ameshavuka mlima kwenda kutafuta kibarua katika nchi za watu, kama walivyofanya wanaume wa nyumba za kulia na kushoto. Walikubaliana hivi: Baraza litakaa mara moja zaidi. Likiliamsha shamba, Lubango atarudi. Likikataa, Nyanjige atabeba vyungu na watoto amfuate, na nyumba itakuwa mahame. Na jambo lenyewe lilikuwa la haraka, kwa maana miti haichomwi mibichi. Ni lazima ikatwe sasa hivi, wakati wa kiangazi, ipate jua la kutosha kabla ya mvua. Ikikatwa kwa kuchelewa, moto unakataa, na mwaka umekwisha.

"Baraza linakaa lini?"

"Kesho. Na wewe utakuwepo. Sheria inataka shahidi mgeni, maana sisi wenyeji kila mmoja ana tumbo lake katika shauri hili."

"Watapimaje?"

Nyanjige alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Toka nje, atapita sasa hivi."

Tindwa akatoka, na akaona kitu ambacho alikisimulia mpaka alipozeeka, na hakuna aliyemwamini isipokuwa watu waliowahi kufanya kazi serikalini. Alikuja mtu wa makamo mwenye shingo nene kama gogo, akitembea kama anayekanyaga mayai. Kichwani alikuwa na bunda la kuni. Juu ya kuni palikuwa na kigoda, juu ya kigoda kinu, juu ya kinu tenga la kuku, na kuku wawili ndani yake, na juu ya tenga kitanda cha kamba kilichosimamishwa wima. Mabwana wawili walimfuata wakiutegemeza mnara ule kwa fito ndefu, na jasho lilikuwa likiwatoka wao kuliko yeye, kwa hofu.

"Huyo ni Kilongo," alinong'ona Nyanjige. "Ndiye Mtu wa Kipimo. Wazee walisema *mtu mwenye mzigo kichwani*. Hawakusema mtu gani wala mzigo gani. Waheshimiwa wakaona hilo ni pengo la hatari."

Mwanzoni, alieleza, mzigo ulikuwa bunda la kuni tu. Kisha miti ya shamba moja ikakua, na mjumbe mmoja akakumbusha kwamba mtu hutoka kwa jirani na kigoda alichoazima. Miti ikazidi, na mjumbe mwingine akauliza, je, na mwenye kinu? Halafu mwenye kuku? Mwisho ikasemwa kwamba bibi harusi huhama na kitanda chake, na kumsahau bibi harusi ni kuidharau ndoa. Hakuna aliyetaka kuonekana anaidharau ndoa.

"Na huyu Kilongo hachoki? Hapati mtu wa kumpokea?"

"Wa kumpokea ni mkubwa wake. Hiyo nayo ni sheria: *Mlinzi akilala, mkubwa wake atakesha mahali pake.* Ndiyo maana hapa kwetu mwenye cheo kidogo haruhusiwi kuugua. Akikohoa tu, mkubwa wake humletea asali mwenyewe."

Kilongo alipofika mbele yao alisimama, akaamkia bila kuitikisa shingo. Nyanjige alimpa maji kwa kata yenye mpini mrefu, akayanywa akiwa amesimama, kwa sababu kuinama hakuwezi na nyumbani kwa mtu haingii. Hata kwake mwenyewe, mchana, alikula uani.

"Pole na kazi, mjomba," alisema Tindwa.

"Tumeshapoa," alijibu Kilongo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwema aliyeacha kutarajia kitu.

Siku ya pili Baraza la Usingizi lilikaa katika banda lenye paa nene la nyasi, lililoshuka karibu chini ili maneno yasitoroke. Wajumbe walikaa wakigusana mabega, maana walinong'ona, na anayenong'ona hawezi kukaa mbali. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Magulumali, Mlezi Mkuu wa Usingizi, bwana mnene, mpole, mwenye kofia ndefu kuliko zote, hata ilimbidi aishike kwa mkono mmoja wakati wa kugeuka. Pembeni yake alikuwa Mzee Ntobi, mjumbe mkongwe kuliko wote, ambaye masikio yake yalikuwa yamelala kabla ya mashamba mengi. Kila hoja iliponong'onwa, Mzee Ntobi aliuliza kwa sauti, "Anasemaje?" na hoja ikarudiwa sikioni mwake, hivyo kila shauri Kimyani lilijadiliwa mara mbili na kueleweka nusu.

Walianza na swali kama mtu anayepita chini ya miti huku akipiga mluzi ahesabiwe kuwa amepita. Mjumbe mmoja alisema mluzi ni dharau kwa aliyelala. Mwingine alisema usingizi wa kweli hauvunjwi na mluzi. Wa tatu alitaka kwanza ijulikane ni wimbo gani. Jambo hilo liliahirishwa kwa heshima zote. Kisha wakaja kwenye shamba la Nyanjige.

Hapo Magulumali alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye habari njema.

"Waheshimiwa," alinong'ona, "nimelitembelea pori hilo kwa mbali. Miti yake imekua, hilo sitaki kuwaficha. Walinzi wananiambia kwamba huenda hata kitanda kikapita."

Wajumbe wakatazamana. Walinzi wenye kofia waliokuwa wamekaa nyuma wakazishika kofia zao.

"Lakini nimejiuliza. Mtu mwenye akili, anayesafiri na kuni, kigoda, kinu, kuku na kitanda, mawingu yakianza kujikusanya, hatabeba mwavuli?"

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Ntobi.

"Mwavuli!" aliambiwa sikioni.

"Ufunguliwe au ufungwe?"

"Ufunguliwe," alinong'ona Magulumali. "Mwavuli uliofungwa haumfai mtu."

Nje ya banda, mlangoni, Kilongo alikuwa amesimama na mzigo wake kwa kuwa hakuweza kuingia. Tindwa alimwona akifumba macho. Nyanjige, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wa wadai, alikunja ngumi mapajani. Hoja ya mwavuli ikikubaliwa, vyungu vinabebwa jioni hiyo hiyo.

Kwa desturi shahidi mgeni huruhusiwa swali moja, ili asije akasema kwao kwamba alinyimwa. Magulumali alimgeukia Tindwa, mkono kwenye kofia.

"Mgeni wetu ana neno?"

Tindwa alikuwa na maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya hasira, na ya hasira hayafai ugenini. Akauliza lile lililokuwa rahisi.

"Nilitaka kujua tu, huyu bwana hapo nje ameanza lini kubeba?"

Halikuwa swali gumu, ila hakuna aliyewahi kuliuliza. Mjumbe mmoja alisema ni tangu kuongezwa kinu. Mwingine akasema hapana, kinu alikibeba baba yake, na ndicho kilichomwangusha. Mwishowe Kilongo mwenyewe alijibu kutoka nje, kwa sauti ya kawaida, maana ukiwa na vitu vile kichwani kunong'ona ni kazi.

"Nilioa nikiwa nao. Mke wangu aliponiona mara ya kwanza alidhani ninahama."

Nyanjige akasimama. Tindwa alimwona akijishika kiuno, akajua kwamba hapo kuna jambo.

"Waheshimiwa," alisema, na hakunong'ona. "Mimi ni mtu wa sheria. Nimelishwa sheria tangu utotoni mpaka nimekonda. Wazee walisemaje? *Kilichozaa mara tatu mfululizo, kilazeni.* Hawakusema shamba. Walisema *kilichozaa.* Kilongo amezaa vipimo misimu mingapi? Nyinyi wenyewe hamjui! Shingo ile haijapumzika tangu kinu. Mkisema shamba langu lisilimwe kwa sababu limechoka, na Kilongo je? Sheria ni msumeno, waheshimiwa. Hukata mbele na nyuma."

"Punguza sauti, mama," alinong'ona Magulumali.

"Sipunguzi. Naomba Mtu wa Kipimo alazwe. Leo."

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Ntobi, lakini safari hii alikuwa amesikia, na alikuwa anatabasamu.

Mjadala uliozuka ulikuwa mkubwa, na kama ungekuwa wa sauti ungesikika ng'ambo ya mlima. Magulumali alisema binadamu si udongo. Mjumbe mmoja akamjibu kwamba mahubiri yote ya mazishi yanasema ni udongo. Walinzi waliona kwamba kumkatalia Kilongo usingizi ni kusema kuwa usingizi si lazima, na usingizi usipokuwa lazima, kofia za nini? Na wajumbe, kwa upande wao, walikuwa wameshaifanya ile hesabu ndogo ambayo wajumbe wa kila nchi huifanya haraka: Mkubwa wa Kilongo ni nani? Si wao. Ni mwenyekiti. Basi wakapiga kura ya kumlaza Kilongo kwa moyo wa huruma kabisa, na mikono yao ilipanda juu upesi hata upepo ukasikika bandani.

Wakatoka nje. Mzigo uliteremshwa kwa kamba, kitu kimoja kimoja. Kilongo alibaki amesimama vile vile, shingo wima, mpaka Nyanjige alipomwambia, "Keti, mjomba." Akaketi. Akaangalia miguu yake kwa mshangao, maana hakuwa ameiona mchana kwa muda mrefu, na akaanza kulia bila kujifuta. Tindwa aligeuka pembeni.

"*Mlinzi akilala,*" alianza Mzee Ntobi kwa sauti kubwa, na Baraza zima likamalizia kwa minong'ono, "*mkubwa wake atakesha mahali pake.*"

Magulumali alivua kofia. Alikuwa na kipara laini, kisichowahi kubeba hata ndoo. Waliweka bunda la kuni, wakaweka kigoda, wakaweka kinu, wakaweka tenga. Walipoanza kukiinua kitanda alisema, "Ngojeni."

Wakangoja.

"Hivi," alinong'ona kwa shida, "siku hizi kitanda cha bibi harusi hakipelekwi na wajomba zake?"

"Hupelekwa na wajomba," walikubali wajumbe.

"Basi tunaposema kitanda, ni kana kwamba wajomba hawapo. Tunawatusi wajomba."

Hakuna aliyetaka kuwatusi wajomba. Kitanda kikaachwa, na mjumbe mmoja alimnong'onezea mwenzake kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Walishika njia ya kwenda porini, kijiji kizima nyuma kwa kunyata. Hawajapita nyumba ya kwanza, Magulumali alisimama tena. Alitaka kujua kama kuku hana miguu. Ilikubalika kwamba anayo. Je, ni adabu kumbeba kiumbe mwenye miguu yake? Ikaonekana kwamba si adabu, na kuku wakafunguliwa, wakakimbilia kwa Nyanjige kama wamejua kesi ni ya nani. Kwenye mteremko wa kijito iligunduliwa kwamba kinu ni mali ya ndani ya nyumba na mwanamke anayetembea na kinu barabarani atadhaniwa amefukuzwa na mumewe, jambo ambalo Baraza haliwezi kumsingizia mtu. Kinu kikabaki kijitoni. Kigoda kilitolewa kwa hoja fupi kuliko zote: Mheshimiwa alitaka kukikalia.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Mzee Ntobi kwa furaha, na hakuna aliyemwambia sss.

Walipofika ukingoni mwa pori, zilibaki kuni. Magulumali alikuwa anahema, shingo imeingia mabegani. Alitazama ile miti, akatazama watu.

"Hivi mtu hawezi kuwa amekwisha kuziuza?" aliuliza.

"Hapana," alisema Nyanjige. "Kuni zibaki."

"Mama, nakusaidia."

"Usinisaidie. Wazee walisema mzigo, na mzigo wao ulikuwa kuni. Nikilipata shamba kwa mtu mikono mitupu, kesho mtasema nililiiba. Pita, mheshimiwa. Pita wima."

Akapita. Aliingia chini ya matawi ameshika bunda kwa mikono miwili, na Tindwa, shahidi, akiwa nyuma yake. Kuni hazikugusa jani. Juu yake pangeweza kupita kigoda, kinu, tenga na kitanda, na mwavuli umefunguliwa, na bado ndege wasingehama. Magulumali aliinua macho na kuyaacha huko juu. Alikuwa ameyalaza mapori maisha yake yote na hakuwa ameingia hata moja.

Humo ndani palikuwa na ubaridi mzuri. Majani makavu yalikuwa yamelundikana mpaka kwenye vifundo vya miguu, na Tindwa alipoyafukua kwa vidole alikuta udongo mweusi, wenye unyevu, unaonukia kama mvua ya kwanza. Akautia kiganjani, akaunusa. Aliona uchungu mkubwa kwa ajili ya kwao, wala hakuona haya kuuonyesha. Kisha akakumbuka kazi yake, akatoka ukingoni, akasema kwa sauti ambayo alikuwa ameibana tangu alipofika:

"Nimeona! Amepita, hakuinama!"

"Limeamka!" alipiga kelele Mzee Ntobi.

Na hapo kijiji kizima kikapiga kelele. Ilikuwa kelele mbovu, ya watu waliokosa mazoezi. Wengine sauti ziliwapasuka, wengine wakaishia kukohoa, na watoto ambao hawakuwahi kusikia wazazi wao wakipaza sauti walikimbilia vichakani. Nyanjige hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, kichwa magotini, mabega yakimtikisika, na alipoinua uso alimwita jirani yake, akamwomba ampelekee Lubango habari kwamba arudi, na arudi na shoka. Kisha akatuma vyungu vifunguliwe.

Kazi ilianza mara ile ile, maana jua la kukaushia lilikuwa linahesabika. Wanaume walipanda mitini kukata matawi, wanawake wakayaburuta na kuyapanga malundo. Mlinzi wa shamba lile alivua kofia yake ya ukili, akaitazama, akakusanyia uyoga. Tindwa naye alikunja suruali, akashika upande wa tawi moja na Kilongo upande wa pili, ingawa kila mtu alimwambia Kilongo akalale. Alisema amelala tayari, na kwamba kubeba kitu kwa mikono ni raha asiyoitegemea.

Magulumali alibaki ukingoni, amekaa kwenye bunda lake la kuni, anajisugua shingo. Baadaye alinyanyuka, akamfuata Nyanjige karibu na lundo alilokuwa Tindwa. Alisahau kunong'ona.

"Mama, lile pori la marehemu baba yangu kule juu, unalijua?"

"Nani asiyelijua? Miti yake ndiyo tunayoangalia tukitaka kujua upepo unatoka wapi."

"Limepimwa mara nyingi. Kila mara linakwama." Alitazama mikono yake. "Wanangu wote wamevuka mlima. Mama yao hanisemeshi tena, ananiwekea chakula na kuondoka. Chakula chenyewe mnakijua."

Nyanjige alikuwa na maneno aliyomwekea bwana huyu kwa miaka mingi. Alikuwa ameyanoa kwenye jiwe lile lile analonolea panga, na Tindwa aliona jinsi yalivyomjia yote kinywani kwa pamoja, na jinsi alivyoyameza moja moja.

"Mheshimiwa," aliuliza mwishowe, "kwani mzigo ulikuwa unaongezwa na nani?"

Magulumali alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa jambo kwa mara ya kwanza.

"Sisi," alisema. "Lakini kichwa kilikuwa cha Kilongo."

Nyanjige alimpa shoka, akamwonyesha mti wa kuanzia.